Juu ya Nini Papa Haufungaka Macho

Numbi, mutoto yangu, mama yangu mudogo,

Nakulamukia, nakusalimia na mikono mbili. Njua ingali juu, na minyi naandika sasa juu petroli ya taa iliisha, usiku sitaona mustari. Weye uko kwa Mama Béa, banakusuka kichwa. Hapa nasikia unalia "aïe", na yeye anakuambia, "Kichwa yenye kulia hatuipakie mu treni!" Bamama bote banacheka. Naandika mbio mbele haujarudia.

Hii barua utaisomea Luena, mama yako akiwa pembeni. Juu ya njia sitakuambia kitu. Kaku yako alishasema yote tangu asubuhi: usikae karibu na mulango ya wagon, usikule chakula ya muntu haumuyue, mayi unywe ya chupa yako. Minyi nikiongeza nitarudilia tu maneno ya mama yangu. Kinywa yangu unaiyua. Kule kanisa bantu banaponilamuka, najibuka na kichwa. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primaire, weye uko mu ya tano, utacheka namna naandika. Ucheke. Lakini kuna swali uliniuliza, na minyi nilinyamaza.

Ilikuwa juzi, tulikuwa tunataka kukula. Kaku aliomba. Aliposema amina, weye uliniambia, "Papa, juu ya nini weye haufungaka macho? Kila mara nakukuta unaangalia mulango."

Kaku akasema, "Kula. Bukari inapoa."

Minyi nikaangalia bukari. Weye ukaniangalia minyi. Tangu ile saa siko na raha, juu sitaki uende na ile jibu utajipa weye peke: papa yangu haamini. Si bile. Sikiliza namna ilikuwa.

Mbele ya vita minyi nilikuwa muntu ya kinga, ya baisikeli. Ile kinga nyeusi, weye ulikuwa unaiita baba ya mahindi. Tulikuwa tunaenda Kaniama na makinga tupu, tunarudia na magunia ya mahindi, imefungwa mpaka kinga yenyewe haionekane, unaona tu magurudumu. Haupande. Unasukuma na fimbo yenye kufungwa ku guidon, ku usukani, siku mingi, mu muchanga. Na kuna mulima moja, mbele ya kilalo ya kuvukia muto, bantu ba kinga habateremuke pale bila kuomba. Muteremuko iko mukali, mayi ya mvua ilishakula njia katikati, na frein zetu za kusimamisha ilikuwa viatu zetu.

Pale juu tunasimamisha makinga, kila moja inaegama ku fimbo yake. Papa Kazadi, mukubwa yetu, anatosha kofia. Tulikuwa tunamuita Pasta Cheni, juu cheni yake ilikuwa inakatika kila safari, na juu sala yake ilikuwa inafungana moja na ingine, haiishe. Sasa, kinga ya mahindi, fimbo yake ikiteleza, inaanguka ku ya jirani, na ya jirani inaangusha ya tatu. Donc muntu moja hafunge macho. Anatembea katikati ya makinga, anashika hapa, anasukumia fimbo pale, wakati benzake banaomba. Minyi nilikuwa mudogo kupita bote, na sala mbele ya bantu ilikuwa inanishinda. Bakanipa ile kazi.

Papa Kazadi aliniambia, "Weye chunga. Siye tutakutaja."

Na balikuwa bananitaja kweli. Kila mara, mwisho kabisa, anasema, "Na ule mwenye hafungi macho, Baba, umuhesabie kama alifunga." Kisha amina, kofia ku kichwa, tunateremuka.

Numbi, minyi nilipenda ile kazi. Nilikuwa naona bantu bakiomba. Muntu mukubwa yenye kutukana njia muzima, pale midomo yake inatetemeka kama ya mutoto. Na minyi nikishika kinga yake isianguke, nilikuwa nasikia kama na minyi niko ndani ya sala. Sijapata kuomba muzuri kupita pale, na sikusema neno.

Kisha vita ikaanza. Ile mwaka mudogo yangu Banze alikuwa anataka kujenga, akasema na yeye anakuya Kaniama. Kule juu ya mulima akanivuta shati. "Yaya, leo ni safari yangu ya kwanza. Acha makinga. Uniombee minyi, na macho ya kufunga, kama bantu."

Nikamuambia, "Makinga itaanguka."

Papa Kazadi akacheka. "Funga, mutoto. Leo nitafupisha."

"Weye, ufupishe?" benzetu bakasema. "Tutafika kwetu Kamina Noeli!"

Tulicheka. Nikafunga. Na mu ile giza ya macho nikasikia majani inasukumwa. Niliyua haikuwa upepo. Lakini nikajiambia, ngoja kwanza amina.

Nilipofungula, masoda balishatuzunguka. Ba upande gani, sikuuliza, na habakusema. Balikamata makinga, balikamata mahindi, kisha bakachagula bantu ba kubeba masanduku yao. Minyi nilikuwa na mwiba mu mguu, mguu ilikuwa imevimba, bakanisukuma mu majani. Banze bakamupa sanduku. Papa Kazadi, na mvi yake yote, bakamupa sanduku. Bakaenda. Banze alikuwa anageuka kuniangalia mpaka balipomupiga na kitako ya bunduki.

Ile habari unaiyua, tunaielezaka hapa nyumbani. Kitu hauyue ni hii. Kule mu majani minyi nilifanya hesabu. Nilijiambia: Mungu anaangalia, ndiyo, lakini anaangalia na macho yangu. Nikifunga yangu, na yake inafungika. Njo kosa yangu, Numbi. Kufunga macho kule mulima haikukuwa kosa. Kosa ni ile hesabu, na niliibeba mpaka hii wiki.

Kutoka pale nilianza kulala karibu na mulango. Nilianza kuomba namna weye ulipanda karanga. Unakumbuka? Ulikuwa mudogo, kaku alikupa mistari mbili nyuma ya jikoni. Kila asubuhi ulikuwa unafukua kuona kama inaota, unafunika, unafukua tena. Tulikucheka, na mwisho hatukukula karanga. Minyi, muntu muzima, nilikuwa bile. Naomba Mungu achunge mama yako kule Luena, kisha naenda gare ya treni kuuliza kila muntu yenye kutoka ile upande. Naomba achunge weye ku kisima, kisha nasimama nyuma ya ukuta ya shule, nakuangalia mpaka unajaza ndoo.

Naacha kidogo. Kuna viatu mu njia.

Balipita. Balikuwa masoda banne, balisimama ku lupango, ku uzio ya jirani, bakauliza kama kuna mwanaume. Bakapata mugonjwa. Nilikuwa nyuma ya mulango na hii karatasi mu shati. Naendelea.

Banze alirudia wakati ya baridi, bila viatu, konda kama fimbo ya kinga. Kaku alimufunika na kitenge akalia. Minyi nilitaka kumuomba pole, nikamuchotea mayi ya miguu. Yeye njo aliniambia, "Yaya, unanisumbukia nini? Kama ungefungula macho, ungefanya je? Ungebashika masoda basianguke?" Na akacheka, unayua cheko yake.

Kisha akaacha kucheka. Aliniambia kule mu pori kila asubuhi soda moja alikuwa anasema, "Muzee, omba tutoke." Na Papa Kazadi anatua sanduku yake, anaomba, masoda bote na bunduki yao banainamisha kichwa. Na kila asubuhi anamaliza na yale maneno: na ule mwenye hafungi macho, Baba, umuhesabie kama alifunga.

"Yaya," Banze akasema, "weye ulikuwa unatajwa kule kila siku."

Papa Kazadi hakurudia. Banze alirudia, Papa Kazadi hapana. Ule mwenye kuomba kupita siye bote. Bantu ba kanisa bananipa maelezo, minyi nayasikiliza, nainamisha kichwa, lakini haiingie. Sitakupa maelezo yenye minyi sinayo. Nakupa tu kitu nayua: yeye kule, na sanduku ku bega, alikuwa ananitaja. Minyi hapa, na bukari mbele yangu, sikumutaja hata mara moja. Nilikuwa nachunga mulango. Na ku ile mulango hakuna kitu nilizuia. Vita ilienda mahali ilitaka. Bantu ba Kabongo balikimbilia hapa na matela ya kulalia ku kichwa, treni ikakatika, mama yako akabakia Luena kwa mama yake na mudogo yako yenye weye na minyi hatuyaona sura. Yote ilipita mbele ya macho yangu yenye kufunguliwa kabisa.

Sasa Mama Béa.

Unayua minyi na masoda. Wakati ule mama na bwana yake balitoka ku base ya masoda, bakapanga nyumba ya pembeni, minyi nilipandisha lupango yetu na majani. Yeye alikuwa analamuka juu ya majani: "Papa Numbi, uko pale? Naona miguu!" Nilikuwa naficha miguu. Alikuwa anakutumia weye beignets, mandazi yake, na minyi nilikuwa nakuambia umurudishie sahani mbio, usikae.

Hii wiki akakuya ku mulango, na mutoto yake ku mugongo. "Papa Numbi, treni itakuya. Bwana yangu alinipatia nafasi mu wagon ya bibi ba masoda. Banasema Luena tutafika. Nipe Numbi, nimupeleke kwa mama yake. Mu ile wagon habatuangalie sana. Nitasema ni mutoto yangu ya kwanza."

Sikukatala pale pale. Juu naona weye unarefuka, Numbi. Naona ku kisima masoda banaanza kukuita "kamama" na kukuuliza nyumba yenu ni wapi. Niliyua unafaa kutoka. Na niliyua siwezi kukupeleka minyi mwenyewe: ku gare banachagula banaume, na hii mikono yangu ya kusukuma kinga inaonekana mbali. Lakini kukutia mu mikono ya bibi ya soda?

Nikamujibu, "Nitaomba kwanza."

Ukikuwa mukubwa utasikia bantu ba kanisa bakisema bile. Nitaomba kwanza, tuombee, tuache mu mikono ya Mungu. Mara mingi ni namna ya kukatala bila haya. Minyi sikuenda kuomba. Nilienda kuchunga ule mama. Mangaribi yote nilisimama nyuma ya majani ya lupango. Niliangalia kama anapiga batoto. Niliangalia bwana yake akilewa anasema namna gani. Niliangalia kama anakula yeye kwanza ao anapakulia batoto kwanza. Kaku alinikuta pale, na fimbo yake ya kutembelea akanigonga ku mugongo. "Sala yako inakuwaka ya kuchungulia?"

Jana mangaribi, balikaa kukula. Mama Béa alifunika sufuria, batoto bakashikana mikono, akaanza kuomba mu Lingala. Nzambe, nikasikia, Nzambe, njo Mungu. Na macho yake ilikuwa wazi, Numbi. Wazi kabisa. Anaomba, na anaangalia mulango ya lupango, kisha njia, kisha batoto, kisha mulango. Namna yangu minyi. Kisha akageuka, akanikuta, macho mbili katikati ya majani.

Nilitaka kukimbia. Yeye hakukata sala. Alimaliza amina, akapakulia batoto, akakuya ku lupango.

"Weye pia?" akaniuliza.

Nikasema, "Minyi pia."

"Tangu bwana yangu alienda ku vita mara ya kwanza," akasema, "nikifunga nasikia kama njo nitakuwa nimemuua. Hata ku kanisa. Pasta anafikiri niko na kiburi."

"Pasta yetu anafikiri niko na usingizi."

Akacheka mpaka mutoto ku mugongo akaamuka. Kisha nikamuelezea mulima, na makinga, na ile kazi yangu, minyi yenye sielezaka muntu. Alisikiliza, mukono moja ku majani. Alipoona maneno imeniishia, akasema, "Basi ni mwepesi. Kesho kutwa ku gare, minyi njo nitashika kinga. Mutoto atakuwa kwangu, minyi nitafungula macho. Weye utafunga. Kobanga te, Papa Numbi. Usiogope."

Sikumuambia kama nitaomba kwanza. Nilimuambia, "Kamata yeye." Na nilirudia mu nyumba.

Donc, Numbi, kitu moja tu juu ya njia, juu kaku haiyue. Masoda bakikuuliza mama yako iko wapi, uonyeshe Mama Béa. Nayua kule kanisa, école ya dimanche, banakufundisha juu ya bongo, juu ya kudanganya. Hii bongo nilishaongea na Mungu, niliiweka ku kichwa yangu. Haiko ku yako. Ujibu tu, usiangalie chini.

Na ukiomba, ufunge macho, ao ufungule, namna unaweza. Kama unaogopa, ufungule; hakuna muntu atakupiga. Lakini usifanye hesabu yenye nilifanya. Mahali macho yako inaishia, Mungu hajaishia. Minyi niko naandika hii na bado iko ngumu kwangu, siwezi kukudanganya. Naiandika juu nataka kuiona mu karatasi, labda mukono itafundisha roho.

Siku zenye utabeba mayi na hauna maneno, ubebe tu mayi na utaje muntu moja. Utaje kaku, magoti yake. Utaje Papa Kazadi. Minyi nilianza kumutaja jana. Kama iko kwa Mungu ao iko mu pori fulani siyue, namutaja tu, umuhesabie, Baba, mahali iko.

Nakusikia unakuya. Unaimba, kichwa imemalizika.

Kesho nitakuwa karibu na tanki ya mayi ya zamani, pale gare inaanza. Kaku anasema nibaki nyumba, banaume banakamatwa ku quai, pale treni inasimama. Nitaenda. Treni ikilia, utanitafuta ku dirisha, nakuyua. Utanikuta nimesimama katikati ya bantu na masoda, mikono chini, macho imefungwa. Usifikiri kama sitaki kukuona ukienda. Hakuna kitu nataka kupita ile. Na kama nikisikia majani, ao viatu, sitafungula.

Banze, yenye alienda Luena na miguu kuchunga mama yako, atakungojea kule pamoja naye. Umuambie yaya yake alifunga, na alingojea mpaka amina.

Papa yako.